Spika ya Katikati

Selestine alikuwa mtu wa kusalimia kwanza. Pale Kharumwa watu walimjua kwa hilo: hujafungua kinywa, yeye ameshakusalimia, ameshauliza habari za nyumbani, za ng'ombe na za mpunga, na hujamaliza kujibu ameshapita. Wengine walimwona mchangamfu. Wengine walisema ana maringo ya watu waliowahi kushika dhahabu. Hakuna aliyejua kwamba aliharakisha kusalimia ili asilazimike kusikia anachoambiwa.

Masikio yake yaliharibikia machimboni, upande wa Nyarugusu, wakati binti yake Ghati bado anabebwa mgongoni. Walikuwa wametega baruti chini kabisa ya duara, shimo lao la dhahabu, wakawasha utambi, wakaanza kupanda kamba. Utambi ulikuwa mbovu, baruti ikawahi kulipuka. Selestine ndiye aliyekuwa wa mwisho kwenye kamba. Alitoka mzima, mikono yote, miguu yote, vumbi jekundu hadi ndani ya meno, na wenzake wakamzunguka wakimpigapiga mgongoni kwa furaha. Aliona midomo yao ikicheza tu. Hakusikia kitu.

Baada ya siku kadhaa sauti zilianza kurudi, lakini zilirudi pungufu, kama gunia lililotoboka njiani. Lori alilisikia. Ng'ombe alimsikia. Maneno ya watu yalimfikia kama ya mtu anayesemea ndani ya pipa, na sauti nyingine hazikurudi kabisa. S haikurudi, wala F, wala ndege wa asubuhi. Hata jina lake lilimfikia limekatwa kichwa na kiuno. Watu walimwita Selestine, yeye alisikia "Eletine", na akazoea kuitika hivyo.

Hakumwambia mtu. Machimboni asiyesikia hashushwi shimoni, maana siku ya kuambiwa kimbia hataambilika. Akaendelea kushuka akitazama miguu ya wenzake. Wakikimbia, naye anakimbia. Mungu si Athumani, duara lao likatema dhahabu, kila mmoja akapata fungu lake, na Selestine akaaga kabla bahati haijageuka. Wenzake walimalizia pesa zao Geita mjini. Yeye alirudi Kharumwa kwa mkewe Generosa, akajenga ukumbi wa video: kuta za tofali mbichi, mabati juu, mabenchi, jenereta nyuma, runinga moja, deki moja, na ampulifaya ya zamani yenye spika mbili zilizokuwa zikikoroma kama wazee waliolala.

Watu walidhani anapenda sana sinema. Kweli yenyewe ni kwamba ukumbini hakuna anayemsemesha mwenzake. Jenereta inanguruma, kila mtu anatazama mbele, na mwenye ukumbi akikaa kimya anaonekana mtu makini na kazi yake. Selestine hakuwa akifuata neno hata moja la filamu zake. Watu wakicheka, alicheka nusu sekunde nyuma yao. Wakiguna, aliguna.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Mchana aliweza kumtazama Generosa mdomoni akabahatisha. Ila watu wa nyumba moja hawasemezani mchana tu. Mambo makubwa ya mke na mume husemwa taa ikishazimwa, na taa ikizimwa Selestine hakuwa na mdomo wa kutazama. Basi alikuwa akipuliza kibatari na kugeukia ukutani. Miaka ya mwanzo Generosa aliendelea kumsemesha mgongo. Baadaye akaacha. Siku moja alimwambia dada yake Suzana, aliyekuwa ameolewa Buseresere, kwamba mume wake akizima taa anazimika nayo. Suzana alimuuliza kama kuna mwanamke machimboni. Generosa alijibu hajui, angekuwa na mwanamke labda angekuwa anaongea.

Ghati alipokua akajifunza njia yake. Akitaka kitu kwa baba, alimshika kidevu na kumgeuzia uso kwake, halafu akasema polepole. Hakuna aliyemfundisha. Watu waliona ni deko la mtoto wa pekee.

Mwaka ule, nadhani ulikuwa wa tisini na sita, mvua zilinyesha vizuri na Generosa akavuna mpunga kuliko miaka yote. Alikuwa ameulima karibu peke yake, kwenye mbuga ya kule bondeni, na walikubaliana, au yeye aliamini wamekubaliana, kwamba mpunga ukiuzwa watajenga jiko la tofali na kufungua duka dogo la khanga mbele ya nyumba. Alilisema hilo jioni moja akiwa anapepeta, mgongo wake kwa Selestine, na Selestine akaitikia "sawa" kama alivyokuwa akiitikia kila kitu. Selestine akapakia magunia kwenye lori, akaenda nayo Kahama.

Wakati huohuo alikuwa na tatizo jingine. Cornel, mtu wa kuja kutoka Bukoba, alikuwa amefungua ukumbi wa pili ng'ambo ya barabara, na runinga yake ilikuwa pana kama meza ya kulia. Vijana walikuwa wakihamia huko mmoja mmoja. Kwa hiyo alipokwisha kuuza mpunga, Selestine alijiambia atapita tu kwenye duka la vyombo vya muziki aone bei za runinga, kisha apande lori arudi. Kuona bei si kununua.

Duka lilikuwa la familia ya Kihindi iliyokaa Kahama tangu enzi za pamba. Aliyekuwepo siku hiyo ni Disha, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa palepale, aliyemwamkia "mwangaluka" kama Msukuma wa Kharumwa kabisa. Selestine akaanza maneno yake mengi kama kawaida, akiuliza runinga, akijibu mwenyewe. Disha akamwacha amalize. Kisha akamwambia kwamba runinga kubwa zimekwisha, lakini kama anataka watu wake wasihame, awatafutie sauti, si picha. Akamwelekeza chumba cha nyuma.

Huko kulikuwa na mashine nyeusi, nzito, pana, yenye vitufe na taa za kijani usoni, imetoka Japani kupitia Dubai. Disha aliiita prosesa. Alimweleza kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno: sauti ya filamu imechanganywa kama kande, mahindi na maharage sufuria moja. Mashine hii inachambua. Muziki unakwenda spika za kushoto na kulia. Mvua, risasi na kelele za watu zinakwenda spika mbili za nyuma. Na maneno, maneno matupu ya watu wanaozungumza, yanakuja hapa, spika ya katikati, chini ya picha.

Akaweka mkanda. Ilikuwa filamu ya Kiswahili, mchezo wa jukwaani uliorekodiwa Dar es Salaam, mama na mwanawe wakigombana huku ngoma inapigwa. Kwa vile spika zote zilikuwa zinalia, Selestine alisikia kelele za siku zote, za ndani ya pipa. Akatikisa kichwa kwa adabu. Alikuwa anamtazama Disha mdomoni ajue wakati gani wa kusema nzuri sana.

Disha naye alikuwa anamtazama. Akainama, akapunguza spika za pembeni, akazima za nyuma, akaacha ile ya katikati peke yake na kuipandisha. Kisha akashika kitufe cha sauti nyembamba, akakizungusha taratibu mpaka kikagoma.

"Sitaki," alisema yule mama kwenye spika. "Sitaki kusikia habari zake, na usinisemeshe."

Selestine alisimama. S zilikuwepo. Zote, moja baada ya nyingine, kali kama mchanga unaomwagwa kwenye bati. Alisogea, akachuchumaa mbele ya ile spika, sikio la kushoto karibu na kitambaa chake, akasikiliza mama na mwana wanagombana mpaka wakapatana. Hakuangalia picha kabisa. Alipokuja kukumbuka kwamba yuko dukani kwa watu, magoti yalikuwa yameshakufa ganzi.

Disha alimletea kigoda. Kisha akakaa mbele yake, uso kwa uso, mahali penye mwanga.

"Bibi yangu Madhuben alikuwa akinitazama mdomo hivyohivyo," alisema. "Miaka sita hakutuambia. Tulidhani ametuchukia."

Selestine alitaka kukataa. Alikuwa na majibu mengi ya kukataa, ameyatumia miaka mingi. Siku hiyo hakuachiwa nafasi ya kuyatoa. Disha akaendelea kumwambia kwamba bibi alipelekwa Mwanza kwa daktari wa masikio, akapewa kifaa kidogo cha kuvaa, na kwamba hakurudi kuwa msichana lakini alirudi kuwa bibi yao. Selestine aliyasikia hayo karibu yote, kwa macho na sikio. Akajifanya hajayasikia. Daktari ni mtu anayeandika kwenye karatasi kwamba wewe ni kiziwi. Mashine ni mashine tu, kila mwenye ukumbi anaruhusiwa kuinunua.

Akainunua. Ilimaliza mpunga wote.

Alirudi Kharumwa juu ya lori, amepakata boksi kama mtu aliyepakata mgonjwa. Generosa alimpokea barabarani. Alitazama boksi, akatazama spika tano zimefungwa kamba, akauliza ziko wapi bidhaa za duka. Selestine alianza kumweleza habari za Cornel, na runinga pana, na vijana wanaohama, na mvua inayolia nyuma ya watu. Alieleza sana. Jambo lenyewe hakulieleza. Generosa hakupiga kelele. Alichukua kikapu chake, akatangulia nyumbani, na tangu jioni ile hakumwambia mumewe neno lolote lisilokuwa la chakula kiko tayari.

Jumapili mchana Selestine alifungua ukumbi na mashine mpya. Aliweka filamu ya Kihindi yenye dhoruba kubwa katikati. Mvua ilipoanza kunyesha kwenye picha, ikanyesha pia kwenye zile spika za nyuma, juu ya vichwa vya watu, na ngurumo ikapita kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Mzee Maige, aliyekuwa ameanika mpunga wake nje kwenye turubai, alinyanyuka akakimbilia mlangoni na watu watatu wakamfuata. Walilikuta jua kali. Ukumbi mzima ulicheka mpaka filamu ikapoteza maana, na Maige mwenyewe alirudi akacheka kuliko wote, akadai arudishiwe kiingilio kwa usumbufu.

Ilikuwa siku nzuri. Lakini wiki iliyofuata watu walikuwa wameshaizoea mvua ya spika, na vijana wakaanza tena kuvuka barabara kwenda kwa Cornel. Walisema sauti ni tamu, ila Kihindi ni Kihindi tu, hata ukikisikia vizuri namna gani. Heri kuona watu wakubwa wakubwa kwenye picha pana.

Selestine hakuonekana kuumia sana, na hilo ndilo lililomuuma Generosa. Yeye alikuwa akikaa mlangoni kupokea viingilio, na kutoka pale alimwona mumewe amevuta kigoda mpaka mbele, amekaa kando ya ile spika ya katikati, amewapa watu mgongo, sikio limelala karibu juu yake. Siku za katikati ya wiki, kusipokuwa na wateja, aliwasha jenereta peke yake na kuweka ule mkanda wa mchezo wa jukwaani, ule ule kila siku. Generosa akaona kumbe mpunga wake umenunua kitu cha mwanamume kujifungia nacho. Alimtumia salamu dada yake Buseresere kwamba atakuja, na Ghati atakuja naye, na hajui atakaa muda gani.

Alimwambia mumewe Jumatano. Alimkuta ukumbini, amepiga magoti nyuma ya mashine iliyowashwa, anakaza nyaya. Alisimama mlangoni akasema kwamba kesho anaondoka na basi la asubuhi. Selestine aliendelea kukaza nyaya. Akarudia, kwa sauti ile ile, maana hakuwa mwanamke wa kupandisha sauti. Selestine alipangusa vumbi kwenye waya, akaupuliza. Generosa akajiegemeza kwenye mlango, akaona kweli yamekwisha: mtu unamwambia unamwacha, naye anapuliza vumbi.

Ghati alikuwa ameingia nyuma yake. Prosesa ile ilikuja na kinasa sauti chake, maikrofoni ya kuimbia, kimechomekwa ubavuni na kusahauliwa. Selestine hakuwa na haja nacho. Ghati, ambaye alikuwa na umri wa kugusa kila kitu, alikiokota kwenye benchi, akabonyeza kitufe chake, akaanza kuimba wimbo wa kuhesabu waliofundishwa shuleni. Aliimba polepole, kwa pumzi zaidi kuliko sauti, kama watoto waimbavyo wakidhani hawasikilizwi.

Waya ulimponyoka Selestine mkononi.

Generosa alimwona akigeuka. Hakumgeukia mtoto, aligeukia spika. Alitambaa kwa magoti hadi mbele yake, akaweka kiganja juu ya kitambaa chake kama mtu anayempima mgonjwa joto, akatulia. Mabega yake yalianza kutikisika. Ghati akaacha kuimba akidhani amekosea. Selestine, bila kugeuka, akasema kwa sauti iliyopasuka, "Endelea, mama. Endelea."

Hapo ndipo yalipomwingia Generosa, si yote kwa mara moja. Kwanza ule mgongo ukutani. Halafu zile salamu za haraka njiani. Halafu kile kidevu, mkono mdogo wa Ghati ukikigeuza. Alisimama pale akiyapanga, na kila alipoweka moja jingine lilikuja lenyewe. Akaenda akakichukua kinasa sauti mkononi mwa Ghati, taratibu. Alikishika mbali na mdomo, kisha karibu. Mumewe bado alikuwa amempa mgongo.

"Baba Ghati," alisema, kwa sauti ya chini, ile ya taa ikizimwa. "Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Tangu lini hunisikii?"

Selestine alijibu akiwa anaiangalia spika, kana kwamba mkewe yumo ndani yake. "Tangu Nyarugusu. Tangu ile baruti."

Generosa aliketi kwenye benchi la mwisho kabisa, kinasa sauti mkononi, na mumewe akabaki chini mbele, na wakaongea hivyo, ukumbi mtupu katikati yao. Alimwambia kuhusu basi la kesho. Alimwambia kuhusu mpunga, jiko, duka la khanga, yale aliyoyasema akipepeta na yeye akaitikia sawa. Selestine alisema hakuwahi kuyasikia, aliitikia tu, na sasa anaona aibu imemjaa hadi shingoni. Generosa alimuuliza kwa nini hakusema. Alisema mwanzoni aliogopa kufukuzwa shimoni, baadaye aliogopa kuitwa kiziwi, na mwisho aliogopa kwamba amechelewa mno kusema, mke atauliza miaka yote hii ulikuwa unaniitikia nini. Generosa akasema kweli, ndilo swali alilotaka kuuliza. Akacheka kidogo, na kicheko chake kikatoka kwenye spika, na Selestine akageuka kwa mara ya kwanza kumtazama, maana alikuwa amekisahau kilivyo.

Jenereta ikaishiwa mafuta. Taa za kijani zikazimika zote. Selestine aliona midomo ya mkewe inaendelea, mbali, na ukumbi umekuwa pipa tena. Generosa akaweka kinasa sauti chini, akavuka mabenchi, akapiga magoti kando yake upande wa kushoto.

"Hapa?" alisema karibu na sikio.

"Hapo. Usipige kelele. Sema tu polepole."

Basi la asubuhi liliondoka bila wao. Siku tatu baadaye walilipanda wote watatu, lakini la kwenda Mwanza. Generosa ndiye aliyesema, baada ya kuambiwa habari za Disha na bibi yake, kwamba mficha maradhi huumbuliwa, na kama anaona haya kwenda kwa daktari yeye atakwenda kuona haya kwa niaba yake. Daktari aliangalia, akapiga vyuma vyake karibu na kila sikio, akasema la kulia limekwisha, la kushoto lina uhai wa kutosha, na kifaa kitaagizwa kutoka nje ila kitachukua miezi. Aliandika kwenye karatasi, kama Selestine alivyoogopa. Selestine aliikunja akaiweka mfukoni na kushangaa jinsi ilivyokuwa nyepesi.

Katika miezi ile ya kungoja ndipo ukumbi ulipobadilika, na hakuna aliyepanga. Ilianza na kijana mmoja aliyevuta sigara katikati ya filamu. Generosa, aliyekuwa ameanza kukaa mbele na mumewe na kinasa sauti mapajani ili wasemezane, alimwambia azime. Sauti yake ilitoka chini ya picha wakati ule ule ambapo mama mkwe wa Kihindi alikuwa amekunja uso na kunyoosha kidole. Watu wakaona mama mkwe ndiye anayemkataza kijana sigara. Walicheka, wakaomba aendelee. Wakataka kujua mama mkwe amesema nini tena.

Generosa hakujua Kihindi. Lakini kwa miaka alikuwa amekaa mlangoni akizitazama filamu zile mara nyingi kuliko anavyohesabu, na akili yake isiyokuwa na mtu wa kuongea naye ilikuwa imeshazitungia maneno zamani. Selestine akashusha sauti ya Kihindi kwenye spika ya katikati mpaka ikabaki kama mnong'ono, akaacha muziki pembeni na mvua nyuma, na mkewe akaingia pale katikati. Alisema Kiswahili, akachomeka Kisukuma penye uchungu. Bwana harusi akawa mfanyabiashara wa mpunga kutoka Kahama. Jambazi akawa mnunuzi wa dhahabu mwenye mizani ya uongo, na watu wakamzomea kwa moyo kuliko walivyowahi kuzomea jambazi yeyote.

Wanawake ndio waliokuja wapya. Walikuwa hawaingii kumbi za video, mahali pa vijana na moshi. Sasa walifika Jumapili mchana na watoto mgongoni, na wengine wakalia kabisa, na walipotoka walimwita Generosa jina la shujaa wa wiki ile. Vijana wakavuka barabara kurudi. Cornel mwenyewe alikuja mara moja, akakaa nyuma, na alipotoka alimpa Selestine mkono akasema runinga inanunulika, lakini mke wa namna hii hajui auziwe wapi.

Kwa mapato yale duka la khanga lilifunguliwa kabla ya mvua nyingine. Jiko la tofali lilingoja kidogo, kisha nalo likasimama.

Kifaa cha sikio kilifika mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, kidogo kama punje ya harage, cha rangi ya ngozi ya mtu ambaye hakuwa Selestine. Siku za kwanza kilimtesa. Kilileta kila kitu, hadi kijiko kwenye sufuria na viatu kwenye changarawe. Alikuwa akikivua, anapumzika, anakirudisha. Generosa hakumlazimisha. Alianza tu kumsemesha tena usiku kama zamani, na yeye akawa analala upande wa kulia ili sikio la kushoto libaki juu.

Jumapili moja katikati ya filamu, ukumbi umejaa hadi madirishani, Generosa alikuwa akieleza kwa uchungu jinsi yule kijana alivyofukuzwa na kaka yake mkubwa. Selestine, aliyekaa kando yake na kile kifaa sikioni, alimgusa mkono.

"Huyo si kaka yake," alisema. "Wiki iliyopita ulisema ni baba mkwe wake."

"Wiki iliyopita ilikuwa wiki iliyopita."

"Watu wamelipa, Mama Ghati. Huwezi kumbadilishia mtu baba mkwe."

"Mbona siku zote nilikuwa namwita nitakavyo na hukusema kitu?"

Walikuwa wamesahau kwamba kinasa sauti kimewashwa. Watu waliwageukia, wakaacha picha ijiendee, na benchi la mbele likamuunga mkono Selestine, la wanawake likamuunga mkono Generosa. Mzee Maige akasimama kusuluhisha, akapendekeza awe kaka aliyekuwa pia baba mkwe, kwani mambo hayo yapo. Selestine alikataa katakata. Alisikia kila alichoambiwa, na kila alichoambiwa alikuwa na jibu lake, na alikuwa amekunja mikono ya shati tayari kubishana hadi jioni.